Kabla ya kujenga, pima lupango



Sisi finalisti tuko karibu kutoka. Kisha Examen d'État kila mmoja atashika njia yake. Lakini kompyuta, ao ordinateri kama tunavyosema hapa Kisangani, zitabaki shuleni, na ninyi mutabaki nazo. Kwa hiyo tumeona ni vizuri kuandika juu ya jambo moja ambalo lilituletea haya mwaka jana: namna ya kugawa diski ya kompyuta kabla ya kuweka mfumo ndani yake. Tunaandika kusudi lisiwapate ninyi.

1. JAMBO LILILOTUPATA

Mwaka jana, mwezi wa tano, mashine ambamo buletini hii inaandikwa ilianza kusumbua. Ukiiwasha inakawia, kisha inazimika. Mwalimu alikuwa katika safari. Sisi tukasema: tunajua, tutaweka mfumo mpya. Tulikuwa na kle ya USB yenye Linux Mint. Tukaichomeka, tukaanza kazi. Kioo kikauliza tunataka nini. Mstari mmoja uliandikwa kwa Kifaransa: "Effacer le disque". Tulikuwa na haraka, sababu kuranti ingeweza kukatika wakati wowote. Tukagusa mstari ule, tukakubali, na kisha dakika ishirini mashine ikafunguka vizuri sana. Tulipiga makofi.

Kumbe ndani ya diski ile mlikuwa maulizo ya Examen d'État ambayo finalisti wa miaka mitatu walikuwa wameyaandika moja moja, pamoja na majibu. Mlikuwa nyimbo za kwaya. Mlikuwa namba zote za zamani za buletini yetu. Mfumo na kazi za watu vilikaa pamoja katika chumba kimoja, na tulipofuta, tulifuta vyote.

Mwalimu aliporudi alijaribu programu inayoitwa PhotoRec, ambayo inatafuta mabaki ya faili ndani ya diski. Ilirudisha faili nyingi, lakini bila majina, na nyingine nusunusu. Dada mmoja wa kalasi ya finalisti alikuwa ameandika maulizo ya kemia mwaka mzima. Alikaa mbele ya mashine, akafungua faili moja baada ya nyingine, kisha akasimama akaenda. Hakututukana. Walikuwa wamebakiwa na wiki tano kabla ya mtihani.

Ni kweli, tulikosa kuhifadhi nakala. Lakini kosa la kwanza lilifanyika zamani zaidi, siku mashine ile ilipowekwa mfumo mara ya kwanza na hakuna mtu aliyeuliza: vitu vya watu vitakaa wapi?

2. DISKI NI LUPANGO

Diski ni mahali ambapo mashine inatunza kila kitu hata ikizimwa. Diski ya kwanza ya namna hii ilitoka kwa IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zinazozunguka, ikaweza kutunza herufi karibu milioni 5 tu. Leo kle ndogo ya mfukoni inapita ile mara maelfu. Lakini ukubwa haubadilishi kanuni: mahali pakubwa pasipogawanywa ni fujo kubwa tu.

Fikirini lupango huko Mangobo ao Kabondo. Mtu akinunua lupango, hajengi siku ile ile popote anapotaka. Anapima. Anasema: hapa nyumba, hapa jiko, hapa choo, kule kisima, na kisima kisikae karibu na choo. Akijenga nyumba kwanza katikati ya lupango bila kupima, siku anatafuta mahali pa jiko atabomoa ukuta.

Diski ni vile vile. Unaigawa sehemu sehemu, na kila sehemu inasimama kama nyumba yake. Kioo kinaziita "partitions". Sisi katika makala hii tutasema vyumba. Ukifuta chumba kimoja, vingine havifutiki. Ukiweka mfumo mpya katika chumba cha mfumo, chumba cha masomo kinabaki na vitu vyake. Hiyo ndiyo faida yote. Kama tungekuwa na vyumba viwili mwaka jana, tungepoteza Windows iliyoharibika tu, ambayo hakuna mtu angeililia.

3. DAFTARI LA MIPAKA

Mashine inajuaje chumba kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi? Pale mwanzoni mwa diski kuna daftari dogo la mipaka. Daftari hili liko la namna mbili, na mashine ya zamani ao mpya itawauliza munataka lipi.

La zamani linaitwa MBR. Lilitokea mwaka 1983, wakati kompyuta ya IBM XT ilikuwa na diski ya mega 10. Ukurasa wake uko na mistari minne tu, basi vyumba vikubwa haviwezi kupita vinne. Ukitaka vingi, inafaa kugeuza kimoja kuwa ua wa kubeba vyumba vidogo ndani. Tena daftari hili halioni mbali kupita tera 2. Diski ya tera 4 ukiiandikia MBR, nusu yake inabaki pori.

La mpya linaitwa GPT. Kwa kawaida linakubali vyumba 128, na linaona mbali sana. Jambo zuri zaidi: GPT inaandika nakala ya pili ya daftari mwishoni mwa diski. Ukurasa wa mwanzo ukiharibika, wa mwisho unaweza kusaidia. Kama mashine yenu inakubali GPT, chagueni GPT. Mashine nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2012 zinaikubali.

4. KWA NINI HAPA KWETU INAFAA KUPIMA MAPEMA

Mtu atasema: si kuna programu za kusogeza mipaka baadaye? Ni kweli, kuna GParted, ni nzuri na ni ya bure. Lakini tazameni namna inavyofanya kazi. Ukitaka kusogeza mwanzo wa chumba, inafaa mashine ibebe vitu vyote vya chumba kile, kidogo kidogo, ivipeleke mahali papya. Chumba kikiwa kimejaa, kazi inachukua saa nyingi. Na katikati ya kazi ile, nusu ya vitu iko hapa, nusu iko pale. Kuranti ikikatika dakika ile, chumba kizima kinaweza kupotea.

Mahali ambapo kuranti haikatiki, mtu anaweza kukosea leo akasahihisha kesho. Sisi watu wa Kisangani tunajua moto unakuja na unaenda. Kwetu kusogeza ukuta ni hatari kuliko kuujenga. Kwa hiyo mpango unaandikwa kwenye karatasi kwanza, kwa kalamu, mashine ikiwa imezimwa bado. Na kama inafaa kabisa kusogeza mpaka, fanyeni kwa mashine ya kubeba ambayo betri yake imejaa, na kisha kuhifadhi nakala inje.

Kuna sababu ya pili. Faili la kuweka Linux Mint 22 lina karibu giga 3. Kwa bei ya megabaiti za simu, hatuwezi kulishusha kila mwezi. Kle ile ya USB inafaa itunzwe, na kuweka mfumo kufanyike mara moja na vizuri.

5. VYUMBA GANI VINAHITAJIKA?

Tunaanza na mashine ambayo itakuwa na Linux peke yake. Munajua Windows 10 iliacha kupokea matengenezo ya kawaida ya bure tarehe 14/10/2025, na mashine nyingi za zamani zinakataliwa na Windows 11. Mashine zetu nne ziko kati ya hizo. Vyumba vinne vinatosha.

Chumba cha kwanza ni cha kuwasha. Kinaitwa EFI. Ni kidogo, mega 500 zinatosha, na muundo wake ni FAT32. Mashine ikiamka inaingia hapa kwanza kuuliza mfumo uko wapi. Usikifute, hata kama unaona hakina kitu cha maana.

Chumba cha pili ni cha mfumo. Katika Linux alama yake ni mstari mmoja ulioinama: / . Hapa mnakaa Linux yenyewe na programu zote. Watengenezaji wa Linux Mint wanasema giga 20 ni kiasi cha chini kabisa. Sisi tunasema musishuke chini ya 40, sababu matengenezo yanaongezeka, na chumba hiki kikijaa mashine inaweza kukataa hata kukufungulia.

Chumba cha tatu kinaitwa swap. Ni msaidizi wa memori ya kazi, ile inayoitwa RAM. Memori ni kama meza ya mwanafunzi: vitabu vinavyotumika sasa viko juu yake. Meza ikijaa, swap ni sanduku la pembeni la kuweka vitabu kwa muda. Sanduku si meza, kuchukua kitabu ndani yake kunakawia, lakini ni afadhali kuliko vitabu kuanguka chini. Tena kama munataka mashine iweze kulala usingizi mzito, yaani kuandika yote yaliyo mezani ndani ya diski na kuzimika, swap iwe kubwa kama memori ao kupita kidogo. Mashine zetu ziko na memori ya giga 4. Tunazipa swap ya giga 6.

Chumba cha nne ni cha masomo. Katika Linux kinaitwa /home. Hapa ndipo maulizo, nyimbo, buletini, picha, kazi zote za watu. Kinachukua mahali pote panapobaki.

Sasa tuhesabu. Diski iliyoandikwa giga 500 ikifunguliwa ndani ya mashine inaonyesha karibu 465. Hakuna aliyewaibia. Muuzaji anahesabu giga moja kuwa baiti milioni elfu moja kamili, lakini mashine nyingi zinahesabu kwa 1024 mara 1024 mara 1024, na hesabu ile inatoa namba ndogo. Pimeni kwa namba ya mashine. Hivi:

Diski ya giga 500 (inaonyesha 465)
EFI: mega 500
Mfumo, / : giga 60
Swap: giga 6
Masomo, /home: karibu giga 398

Diski ya giga 128 (inaonyesha 119)
EFI: mega 500
Mfumo, / : giga 40
Swap: giga 6
Masomo, /home: karibu giga 72

Mtaona katika vitabu vingine watu wanagawa vyumba saba ao nane: cha programu, cha barua, cha kumbukumbu za mashine. Hiyo inafaa kwa mashine kubwa zinazohudumia watu wengi. Kwa mashine ya shule ni matata tu. Vyumba vikiwa vingi, kimoja kitajaa hata kushindwa kufunga mlango, na cha jirani kitabaki kitupu. Kukosa ukuta ni kosa, na kuta nyingi pia ni kosa.

6. KAMA UNATAKA WINDOWS NA LINUX PAMOJA

Wale watakaoenda UNIKIS ao mahali pengine wataulizwa mara nyingi programu za Windows. Inawezekana kuweka yote mawili katika diski moja. Anzeni na Windows, kisha Linux, sababu Linux inapowekwa ya pili inatazama kama kuna mwenzake na inatengeneza orodha ya kuchagua wakati wa kuwasha.

Windows 11 inadai diski ya giga 64 ao zaidi. Mupe 120, kusudi apumue. Yeye mwenyewe atajitengenezea vyumba vidogo vya kazi zake, muviache. Kisha Linux giga 50 na swap giga 6. Mahali panapobaki, karibu giga 287 katika diski ya 500, fanyeni chumba kimoja cha masomo ambacho wote wawili wanakiona.

Chumba hicho kiwe na muundo gani? Linux kwa kawaida inatumia ext4, lakini Windows yenyewe haisomi ext4. exFAT inasomwa na wote wawili, lakini haina daftari la kazi. Daftari la kazi ni nini? Ni kitabu ambamo mfumo unaandika "ninaanza kufanya hili" kabla ya kulifanya. Kuranti ikikatika katikati, mashine ikiamka inasoma kitabu kile, inajua ilikuwa imefika wapi, na inarudisha mambo katika utaratibu. ext4 inalo. NTFS inalo. FAT32 na exFAT hazinalo. Katika mji wa kuranti kama ya kwetu, chumba cha pamoja kiwe NTFS.

Lakini tuelewane: daftari la kazi linalinda utaratibu wa chumba, halilindi sentensi uliyokuwa unaandika bila kuisalimisha. Hiyo ni kazi ya mkono wako.

Tena katika Windows, zimeni ile "Démarrage rapide". Ikiwa hai, Windows haifungi vyumba vyake kabisa wakati wa kuzima, na Linux ikija itakuta mlango umefungwa nusu.

7. SIKU YA KAZI

Fuateni mambo haya moja kwa moja, musiruke.

Kwanza, hifadhini inje kila kitu cha watu. Fungueni faili tatu ao nne katika ile nakala, muone kama zinafunguka kweli.

Pili, karatasi ya mpango iwe mezani, na watu wawili waisome. Mmoja anagusa mashine, mwingine anasoma kwa sauti.

Tatu, kioo kikiuliza, musiguse "Effacer le disque". Guseni "Autre chose". Hapo mutaona diski na vyumba vyake.

Nne, tazameni vizuri ni diski gani. Linux inaziita sda, sdb, ao nvme0n1. Jina linaweza kudanganya, ukubwa haudanganyi. Kama munaona giga 16, ile ni kle ya USB, si diski.

Tano, wekeni vyumba kama karatasi inavyosema, na mukisha, someni tena yote kabla ya kukubali. Mpaka hapo bado munaweza kurudi nyuma.

Na siku mfumo utaharibika tena, kwa sababu utaharibika tu, fanyeni hivi: "Autre chose" tena. Chumba cha mfumo, mukiwekee alama ya kufutwa, yaani "Formater". Chumba cha masomo, mukionyeshe kuwa ni /home, lakini alama ya "Formater" musiweke hata kidogo. Tumieni jina lile lile la mtumiaji kama mbele. Mashine ikiamka, mutakuta kazi zenu pale pale mulipoziacha.

8. UKUTA SI NGAMBO YA PILI

Hapa tunataka mutusikilize kuliko mahali pote.

Kisha kugawa vyumba, mtu anaweza kusema: sasa vitu vyangu viko salama. Hapana. Vyumba vyote viko katika diski moja. Mwizi akibeba mashine anabeba vyumba vyote. Diski ikifa, vyumba vyote vinakufa siku moja. Ukuta unakulinda juu ya kosa la mfumo na kosa la mkono. Haukulindi juu ya kifo cha diski.

Munajua mji wetu uko na komine sita. Makiso, Tshopo, Kabondo, Mangobo na Kisangani ziko upande mmoja wa mto Congo. Lubunga peke yake iko upande mwingine. Vyumba vya diski ni kama komine zile tano: kila moja na mpaka wake, lakini nchi ni moja. Nakala ya kweli ni ile iliyovuka mto.

Sisi tumefanya hivyo kweli. Mwaka huu tulichanga franka, tukanunua diski moja ya inje. Kila juma, siku ya pili, tunachukua vyumba vya masomo vya mashine zote nne, tunaviandika katika diski ile, na mwalimu anaondoka nayo. Anakaa Lubunga. Diski inavuka mto katika mfuko wake na inalala kule.

Karatasi ya mpango wa kila mashine tumeibandika ndani ya kabati, mlango wa kushoto. Kle ya USB yenye Linux Mint iko katika bahasha, pamoja na orodha ya majina ya wanaoruhusiwa kuigusa. Tumechagua wanne wa kalasi zinazotufuata, na kila mmoja amekwisha kuweka mfumo mara mbili mbele yetu, kle mkononi na karatasi mezani.

Tena tunawapa habari moja. Tangu mwezi wa kumi tumeanza kuandika upya maulizo ya Examen d'État. Wandugu wengine waliotoka zamani walituletea daftari zao. Yule dada wa kemia naye alituma zake, kurasa 43 zilizoandikwa kwa mkono, bila barua. Tumefika nusu tu. Zote ziko katika chumba cha masomo, na nakala yake iko ngambo.

Nusu inayobaki ni yenu.

Kapita wa wanafunzi, kwa niaba ya finalisti